Unataka Safari ipi? Gemu za rali zikipimwa kwa vumbi la Bonde la Ufa

Mpwa wangu aliniuliza swali fupi: "Mjomba, gemu yenye Naivasha ni ipi?" Nilitaka kumtajia jina moja nikasita. Gemu zenye Kenya ndani yake si moja, na Safari Rally yenyewe si moja pia. Kuna Safari ya sasa, ya Naivasha, inayokimbiwa kwenye njia zilizofungwa ndani ya mashamba na hifadhi, wikendi moja mambo yamekwisha. Na kuna ile ya Pasaka, ile ya baba zetu, iliyopita mbele ya duka lako bila kumfungia mtu barabara. Ukinunua gemu kwa hamu ya hii ya pili ukaletewa ya kwanza, utajiona umepunjwa hata kama gemu yenyewe ni nzuri.

Kwa hiyo kabla ya kumjibu nilizitoa zote nilizo nazo, nikazicheza upya usiku kadhaa, moja baada ya nyingine.

Kipimo changu kwanza

Mwaka 1994 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Tuliketi juu ya tuta kando ya njia ya vumbi tangu alfajiri, tukiwa na chai kwenye chupa na mayai ya kuchemsha. Kitu cha kwanza kusikika hakikuwa gari bali helikopta. Timu kubwa zilikuwa na helikopta ya kutangulia, kazi yake kumwambia dereva kwa redio kwamba mbele kuna lori, kuna ng'ombe, mto umejaa. Helikopta ikipita, wazee walituvuta mashati nyuma. Halafu Toyota Celica ya Ian Duncan ikaja, taa za mbele zimewaka mchana kweupe, ikapita, tukabaki kutema mchanga. Duncan, Mkenya, ndiye aliyeshinda mwaka huo, na hadi leo pale kwetu kuna watu watatu ambao kila mmoja ana hakika kwamba alipungiwa mkono yeye peke yake.

Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye skrini, na najua sikipati chote. Safari ilianza 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na miaka ya themanini ilikuwa bado inakaribia kilomita 5,000 kwa mbio moja. Mwaka 1968 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Katika mbio za namna hiyo aliyeshinda ni aliyejua wapi pa kuachilia mguu. Shekhar Mehta alishinda mara tano, 1973 kisha minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na Joginder Singh mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Wote wawili walisifiwa kwa kufikisha gari nyumbani likiwa bado ni gari. Safari ya 2025, kwa kulinganisha, ilikuwa na mikondo 21 (vipande vya njia vinavyokimbiwa kwa saa) yenye jumla ya kilomita 380 hivi za kushindana. Hii ni mbio ya kasi, ingawa mawe bado ni yale yale.

Swali langu kwa kila gemu basi ni hili: je, itanifundisha kuhurumia gari? Mengine, kama picha nzuri na orodha ndefu ya magari, nayaangalia baadaye.

EA Sports WRC na ndugu zake wakubwa

Jibu la moja kwa moja la swali la mpwa wangu ni EA Sports WRC (WRC ni ubingwa wa dunia wa rali), iliyotoka Novemba 2023, kazi ya kampuni ya Codemasters. Ina Safari Rally Kenya kamili, yenye mikondo ya majina unayoyajua kama Soysambu na Malewa. Waliotengeneza rangi ya udongo walikuwa na jicho. Kuna ule wekundu unaogeuka kijivu ukikaribia ziwa, kuna migunga iliyosimama mbalimbali, na anga ile pana inayokufanya udhani kona iko mbali kumbe umeshaifikia.

Lakini vumbi lenyewe ndipo ninapogombana nayo. Aliyesimama Kedong, kule Naivasha, anajua fesh fesh. Ni vumbi laini kama unga wa ngano, gari huzama ndani yake mpaka ukingo wa tairi, na chini yake kuna jiwe ambalo halionekani. Mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia, Thierry Neuville alikuwa anaongoza hadi Jumapili, shokapu ikamsaliti kwenye mkondo wa kwanza wa asubuhi, na Sébastien Ogier akachukua ushindi. Hilo ndilo jambo la Safari: umeongoza siku mbili, kipande kimoja cha chuma kinakunyang'anya. Kwenye EA Sports WRC unaweza kugonga jiwe na kuumia, ndiyo, hasa ukiweka uharibifu kwenye kiwango cha juu kabisa (uweke, tafadhali, la sivyo unacheza gari la plastiki). Ila jiwe lenyewe linaonekana. Kwenye gemu jiwe lina adabu. Limekaa pembeni ya kona, linakungoja ukate. Jiwe la Naivasha limekaa katikati ya njia, kimya, chini ya unga.

Ukiangalia uendeshaji peke yake, ni gemu inayotosheleza watu wa aina nyingi. Mwenye padi ataelewana nayo baada ya jioni mbili. Mwenye usukani atalalamika kidogo kuhusu lami na atanyamaza akirudi kwenye changarawe. Kwa kompyuta inataka mashine yenye nguvu ya kutosha na nafasi ya makumi ya gigabaiti, kwa hiyo piga hesabu ya bando kabla hujabonyeza kupakua. Kwa konsoli ni PS5 na Xbox Series tu. Wa PS4 asijisumbue. Na ujue kwamba EA ilitangaza mwaka 2025 kwamba haitaendelea kuitengenezea gemu hii mambo mapya. Kilichopo ndicho kilichopo. Mimi sioni shida hapo, kwa sababu bei hushuka gemu ikishafika hatua hiyo.

Wa PS4 aende kwa WRC 9, au WRC Generations iliyofuata baadaye, kutoka kwa kampuni ya Kifaransa Kylotonn. Na WRC 9 ina hadithi inayonichekesha kila nikiikumbuka. Ilitoka Septemba 2020 ikiwa na Safari Rally ndani yake, wakati Safari halisi ya mwaka huo ilikuwa imefutwa kwa sababu ya korona. Kwa miezi tisa hivi, watoto wa Kayole na Mikindani wenye PS4 walikuwa wameshaendesha Naivasha ya WRC kabla ya Ogier. Njia zake ni nyembamba kuliko za EA, na nadhani kwa hilo ziko karibu zaidi na ukweli wa vichochoro vya mashambani. Gari, hata hivyo, lina roho ya paka: unapiga mti na bado linaendelea. Diski zake za mitumba zinapatikana kwa bei ya huruma. Ukiwa huna namna nyingine, chukua, hutajuta.

Gari la Mehta bila barabara ya Mehta

DiRT Rally 2.0 ya 2019 ni kisa kingine kabisa. Ndani yake kuna Datsun 240Z, gari aina ile ile aliyoshinda nayo Shekhar Mehta mwaka 1973. Kuna Opel Ascona 400, aliyoshinda nayo Ari Vatanen mwaka 1983. Kuna Ford Escort ya kizazi cha ile ya Björn Waldegård ya 1977. Yaani gereji nzima ya picha zilizobandikwa ukutani kwa kinyozi wetu, na Kenya haimo! Unalichukua Datsun la Mehta unalipeleka Argentina, New Zealand, Poland. Nilifanya hivyo usiku mmoja, nikahisi kama mtu aliyekutana na jirani yake wa utotoni kwenye uwanja wa ndege wa mbali.

Hata hivyo, kwa kipimo changu cha huruma kwa gari, inaishinda EA Sports WRC. Tairi hupasuka, rejeta huvuja, na kwenye karakana kati ya mikondo unapewa muda maalumu wa matengenezo, hivyo lazima uamue: nitengeneze shokapu au gia? Mara ya kwanza nilipofika mwisho wa rali ya Argentina nikiwa wa kumi na mbili, gari likitoa moshi, nilifurahi kuliko ushindi wowote nilioupata kwenye WRC 9. Kasoro yake ni moja: sehemu kubwa ya maendeleo yako inataka intaneti iwe hewani. Kwetu, intaneti ikikatika saa mbili usiku na umeme ukafuata saa mbili na nusu, hilo ni jambo la kuangaliwa.

Richard Burns Rally, shule ya fimbo

Burns alishinda Safari mara mbili, 1998 akiwa na Mitsubishi na 2000 akiwa na Subaru, kisha akawa bingwa wa dunia 2001. Gemu yenye jina lake ilitoka 2004. Kwa macho ya leo picha zake ni za kale, miti imesimama kama kadibodi. Nami nitasema bila kupepesa: hakuna gemu nyingine iliyowahi kunifanya nitokwe jasho viganjani.

Inaanza na shule. Unafunzwa kufunga breki, kuhamisha uzito wa gari, kutumia breki ya mkono, na ukifeli unarudia. Ukitoka shuleni ukidhani umehitimu, mkondo wa kwanza unakulaza kwenye mtaro. Gari lina uzito kweli. Ukiingia kona kwa pupa, halikusikilizi tena hata ukisali. Wapenzi wake wameiweka hai miaka ishirini kwa kuiongezea magari na njia mpya bila malipo, na inakubali kompyuta za kawaida ambazo EA Sports WRC ingezikataa mlangoni. Kenya haikuwamo katika gemu ya asili. Lakini nikifumba jicho moja, ule mwendo wa Safari ya zamani, ule wa kuendesha chini kidogo ya uwezo wako ukiwa na akiba mfukoni, nimeupata humu kuliko kwenye gemu yoyote yenye twiga.

Si ya kila mtu. Ukiwa na padi tu, itakutesa bure. Kuiweka kwenye kompyuta pamoja na nyongeza zake kunataka subira ya fundi saa. Na mgeni akija nyumbani ukampa aendeshe, atakurudishia baada ya dakika tatu na kuuliza kama una FIFA.

Ile ya kutazama kutoka juu

art of rally (ndivyo wanavyoiandika, kwa herufi ndogo) nilikuwa naidharau. Unalitazama gari kutoka juu kwa nyuma, rangi zake ni bapa kama za kitabu cha watoto, magari hayana majina halisi ila ukiyaona unajua babu zao ni kina nani. Ilitoka 2020, na mwaka uliofuata wakaongeza Kenya bila kumtoza mtu senti.

Kisha nikagundua kuna sehemu ya kuzurura. Hakuna saa, hakuna mshindani. Unaendesha tu katika Kenya yao ya kuchorwa, jua likishuka, vumbi likiinuka nyuma yako kama mkia. Mama yangu, ambaye katika maisha yake hajawahi kushika padi, alisimama mlangoni akauliza, "Hapo si kama kule kwa shangazi yako?" EA na picha zake zote haijawahi kumsimamisha mama mlangoni.

Isikudanganye kwa upole wake, lakini. Magari ya kundi B (yale makali ya rali za miaka ya themanini) humu yanateleza vibaya, na kwa kuwa hakuna mtu wa kukusomea njia, unayategemea macho yako tu, kama nyani anayetazama ajali kutoka mtini. Laptopu ya ofisini inaiweza. Faili lake ni dogo. Kwa anayeanza, au kwa baba mwenye mtoto wa miaka minane, sijui nyingine ya kupendekeza kabla ya hii.

Simu, na kibanda cha zamani

Kwa mwenye simu peke yake kuna Rush Rally 3. Unailipia mara moja, inacheza laini, unaweza kuunganisha padi. Ni ya kwenye matatu, na kwa kazi hiyo inatosha.

Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 siilinganishi na hizi, naitaja kwa mapenzi. Kibanda cha PlayStation cha mtaa wetu kilikuwa nayo, na mikondo ya Kenya ilikuwamo. Sauti inayosoma njia ni ya Nicky Grist, na ndiye aliyekaa kando ya McRae katika ushindi wake wote watatu wa Safari, 1997, 1999 na 2002. Sisi hatukujua hilo. Tulidhani ni Mzungu fulani aliyelipwa kupiga kelele. Jina la McRae lilikuwa limeshaingia nyumbani kwa watu kwa njia nyingine pia: dereva wetu McRae Kimathi alipewa jina hilo kwa heshima ya Mskoti huyo.

Kuhusu anayesoma njia

Hapa nikae kidogo, kwa sababu wengi wakichagua gemu hulisahau jambo hili. Katika rali nusu ya mbio iko kwa navigeta. Anakupa kona kwa namba, kawaida 1 ikiwa kali na 6 ikiwa karibu kunyooka, anakuonya usikate, anakwambia nyuma ya kilima kuna mtelemko. Kama humsikii, unaendesha kwa kubahatisha.

Gemu zote nilizozicheza zinasoma kwa lugha za kigeni. Kiingereza chake ni cha haraka, tena kimefupishwa, na kwa masikio yaliyochoka baada ya kazi kinapita kama tangazo la reli. Sijakutana na yenye navigeta wa Kiswahili, na naona ni hasara. Sikiliza inavyokwenda: "Kushoto tatu, inabana! Usikate, jiwe ndani! Kulia tano, ndefu, halafu daraja." Kiswahili kimeumbwa kwa kupigiwa kelele.

Mimi na binamu yangu tulifanya hila. Tulizima sauti ya navigeta kwenye EA Sports WRC, tukaupita mkondo wa Soysambu polepole mara mbili, yeye akiandika kila kona kwenye daftari la hesabu. Kisha nikaendesha kwa kasi, yeye akisoma. Tuliangusha gari mara nne kwa sababu alikuwa amegeuza kurasa mbili kwa pamoja. Ni jioni bora kuliko zote nilizotumia na gemu hizi. Ukiwa na mtu wa kukaa naye, EA Sports WRC inapata alama ambazo peke yake haizistahili. Richard Burns Rally ni ya mtu mpweke. Art of rally haina navigeta kabisa, hivyo hila hii haifai.

Usukani au padi?

Usinunue usukani kwanza. Cheza miezi miwili kwa padi, uone kama hamu inabaki. Ukiamua, tafuta wa mtumba wenye pedali tatu, uzungushe mpaka mwisho pande zote mbili kabla ya kutoa pesa, usikilize kama kuna mlio wa kukwaruza ndani. Wangu niliununua jioni, dukani hakukuwa na umeme wa kuujaribu, nikaamini maneno. Pedali ya klachi ilikufa wiki ya kwanza. Na uwe na meza nzito. Usukani wenye mota hutikisa meza ya plastiki mpaka chai imwagike, na chai ikiingia kwenye pedali, hizo ni Safari zako za mwisho.

Nilimjibuje

Mpwa wangu ana laptopu ya chuo, hana usukani, na bando lake ni la wiki. Alitaka Naivasha na nilijua mashine yake haitaiweza EA Sports WRC. Nilimwambia achukue art of rally sasa. Siku atakapopata PS5 au kompyuta ya nguvu, aongeze EA Sports WRC kwa ajili ya Soysambu na kwa ajili ya kuja nyumbani na daftari. Mwenye PS4, nishasema, WRC 9 ya mtumba. Aliyekua akitazama magari ya miaka ya sabini na themanini, DiRT Rally 2.0 kwa ajili ya lile Datsun, na avumilie Argentina. Richard Burns Rally simpi mtu mpaka aniombe mara mbili.

Alinipigia simu baada ya siku kumi. Hakunieleza habari za Kenya wala za vumbi. Aliniuliza kama ule usukani wangu wenye klachi mbovu bado nauhitaji.